Sanamu ya kumbukumbu imeharibika: anza na dalili ndo utafute chanzo

Hii nawaandikia wale wanaochonga na kumimina kazi za kumbukumbu kama kazi ya pembeni. Jumatatu mpaka Ijumaa uko kwa mwajiri, jioni umechoka, wikiendi ndo unashika patasi. Sanamu ya kifua ya mzee aliyefariki, kibao cha jubilei ya parokia, zawadi ya mstaafu, jiwe la kaburi, kinyago cha kumuaga bosi anayehamishwa. Wengi kazi ikiharibika wanalaumu mkono wao, wengine wanamlaumu aliyewauzia gogo, lakini ukifuatilia vizuri nyingi zinaharibika siku ambazo hamna mtu karakana. Gogo linakauka upande mmoja Jumanne, saruji inakosa maji Jumatano, mfuko wa plasta uliouacha wazi Jumapili unavuta unyevu wiki nzima. Kwa hiyo ukikuta tatizo, kabla ya kuuliza umekosea wapi kuchonga jiulize kitu kilikaaje we ukiwa haupo.

Kinyago kimepasuka

Usikimbilie supagluu, kwanza angalia ufa umekaaje maana ufa wenyewe unakwambia umetoka wapi.

Ufa mmoja mkubwa unaoanzia katikati ya gogo na kutoka nje, hapo umeacha moyo wa mti ndani ya kazi. Mti ukikauka unasinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kwa kuelekea katikati, sasa gogo zima lenye moyo wake lazima lifunguke mahali, hata ulichonge kwa upole gani. Dawa yake iko mwanzoni: gogo lipasuliwe, moyo uondoke, uchonge kwenye nusu. Kama ni kipande chembamba na huwezi kuupasua, basi panga ufa utokee mgongoni, yaani chimba au pasua mfereji nyuma ya sanamu ambako hakuna anayetazama, mti utafungukia huko na uso utabaki salama.

Nyufa ndogo ndogo nyingi kwenye ncha mbili za gogo ni jambo lingine. Maji ya mti yanatoka haraka sana kupitia ncha kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha zinakauka na kusinyaa wakati katikati bado mbichi. Yeyusha mshumaa upake ncha zote mbili siku ileile unayoleta gogo, sio wikiendi inayofuata. Hata gundi ya mbao iliyopakwa nene inasaidia. Na ukiondoka Jumapili jioni funga kazi yako kwenye nailoni yenye vitundu vichache au gunia, weka chini kivulini, sio juu ya kabati karibu na bati. Ukikuta ukungu siku unafungua, futa, ongeza vitundu, ni afadhali ukungu kuliko ufa.

Kitu ambacho kwa mtu wa wikiendi kinasaidia kuliko vyote ni mizani. Kila unapofika pima gogo, andika uzito na tarehe kwa penseli chini ya kitako. Uzito unashuka, unashuka, halafu unaanza kugoma. Ukiona namba imebaki ileile mara kadhaa mfululizo ndo ujue mti umetulia na hewa ya hapo, unaweza kumalizia uso na kupiga msasa wa mwisho. Mpingo unakauka taratibu mno, kwa hiyo mteja anayetaka kazi ya mpingo ya mwezi ujao mpe iliyochongwa kwenye gogo ulilolihifadhi, au mpe mti mwingine kabisa kama mninga, ambao unasinyaa kidogo na hausumbui.

Kuna ile inayotoka kwako nzima na kupasuka kwa mteja. Hapo muulize imewekwa wapi. Dar hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, mti uliotulia hapa ukipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi au ukiwekwa ofisini chini ya AC inayowaka asubuhi mpaka jioni unaanza kukauka upya kwa kasi. Uliza mapema itakaa wapi. Kama ni ofisini, iache kwanza kwenye chumba chenye AC mbali na upepo wa moja kwa moja, ipasuke ukiwa nayo kama ni ya kupasuka.

Ufa mdogo jaza na vumbi la mti uleule: lishindilie kavu, dondoshea supagluu nyembamba, subiri, piga msasa. Ufa mpana tafuta kijiti chembamba cha mti uleule, mwelekeo wa nyuzi uende sambamba na wa kazi, kibandike na gundi ya mbao halafu kichonge kiwe sawa. Kujaza ufa mpana kwa gundi tupu ni kujisumbua, mvua zikianza mti unavimba na gundi inasukumwa nje.

Kitambaa cheupe kimetoka cheusi

Umenunua mpingo, umefuta kwa kitambaa chenye spiriti, kitambaa kimekuwa cheusi tii. Huo umepakwa kiwi ya viatu. Mpingo wa kweli kiini chake ni kizito kiasi kwamba kipande ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama, na ukikwangua kwa kisu chini ya kitako rangi inaendelea ndani, kahawia iliyokolea kwenda zambarau mpaka nyeusi. Ile sehemu ya nje ya njano nyeupe ni ganda lake, wachongaji wengine wanaiacha makusudi kama pambo na inapendeza, ila hiyo ndo bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanaipenda. Ukiona unga laini kama pauda umedondoka chini ya sanamu na vitundu vya saizi ya kichwa cha pini, wameshaingia. Kazi ndogo ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, iweke friza la kugandisha kabisa wiki mbili, ukiitoa usiifungue mpaka irudi kwenye joto la kawaida. Kazi kubwa ni dawa ya mbao na brashi, na ganda lote kuliondoa kama muundo unaruhusu.

Plasta imenigomea

Hapa kuna malalamiko mawili yanayopingana, mmoja anasema imeganda ndooni kabla hajamimina, mwingine anasema imekaa mpaka kesho na bado laini.

Iliyoganda mapema: karibu kila mara ndoo ni chafu. Mabaki ya plasta ya wiki iliyopita yaliyoganda kwenye kingo za ndoo yanaharakisha plasta mpya, na maji ya uvuguvugu nayo yanaharakisha, pia chumvi, kwa hiyo maji ya kisima cha chumvi cha mitaa ya karibu na bahari yatakuchezea. Tumia ndoo ya plastiki unayoweza kuibonyeza mabaki yakabanduka, maji baridi yasiyo na chumvi, na usikoroge kama unapiga uji maana kukoroga sana pia kunaharakisha.

Iliyokataa kuganda, au imeganda ila ukiigusa inaacha chaki mkononi: plasta imezeeka. Ule unga unavuta unyevu hewani na kupoteza nguvu, na mfuko uliofunguliwa ukaachwa karakana wiki mbili tatu hasa kipindi cha masika ndo basi tena. Ukinunua mfuko gawanya siku hiyohiyo kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana. Chanzo kingine ni kununua kitu tofauti kabisa, duka la hadiwea linakupa unga wa kujazia maungio ya silingi bodi, wenyewe wanauita jipsamu pauda, huo umewekewa vitu vya kuuchelewesha ili fundi apate muda wa kusawazisha dari. Kwa sanamu haufai. Sema unataka plasta ya kumiminia, na kama muuzaji hajui tofauti jaribu kidogo kwenye kikombe: plasta nzuri ndani ya nusu saa hivi inakuwa ngumu na inapata joto ukiishika.

Kuchanganya: unga unaingia kwenye maji, sio maji kwenye unga. Nyunyiza taratibu kwa mkono mpaka unga uanze kubaki juu kama visiwa, uache ulowe dakika moja mbili, ndo ukoroge mkono ukiwa chini ya maji usiingize hewa. Kwa kipimo ni kama gramu 70 za maji kwa gramu 100 za unga. Matundu ya hewa usoni yanaondoka ukipaka kwanza tabaka jembamba kwa brashi laini, puani, kwenye kope, masikioni, halafu ndo umimine. Na usithubutu kutumbukiza mkono wa mtu mzima mzima kwenye plasta nene ili utengeneze moldi ya mkono, lile joto linaunguza mtu vibaya. Wanaotaka alama ya mkono wa mtoto au wa bibi watumie alijineti, ile ya madaktari wa meno.

Sanamu haitoki kwenye moldi

Angalia nyuma ya masikio, chini ya kidevu, matundu ya pua, kola ya shati. Mahali popote ambapo moldi ngumu imeingia chini ya kitu haitoki bila kuvunja kimoja. Ama unatengeneza moldi ya vipande vingi, ama ya mpira wa silikoni yenye ganda la plasta nje, ama unakubali moldi ni ya kuvunja na unatoa nakala moja tu. Kwa kazi ya marehemu ambayo ni nakala moja, moldi ya kuvunja inatosha na ni rahisi kuliko silikoni, weka rangi kidogo kwenye tabaka la kwanza la plasta ili ukiwa unavunja kwa patasi ujue umekaribia uso.

Kama hakuna sehemu iliyojifunga na bado imegoma, hukupaka kitu cha kuachanisha au kilishakauka. Sabuni ya maji pakapaka tabaka kadhaa ukifuta. Vaselini inafanya kazi ila ukipaka nene mikunjo ya macho yote inajaa mafuta na unatoa mzee aliyenyoshwa uso.

Saruji: unga mweupe, nyufa, kuchubuka

Sanamu za saruji ndo chakula chetu kwa sababu mteja anaimudu na inakaa nje. Pia ndo zinazoumia zaidi na ratiba ya wikiendi.

Ukigusa inachubuka kama mchanga: imekosa maji baada ya kumiminwa. Umefungua moldi Jumapili, Jumatatu umeondoka, jua limeipiga, maji yametoka kabla saruji haijamaliza kazi yake. Saruji inahitaji kubaki na unyevu angalau siku 7, na nguvu yake inahesabiwa siku 28. Kama hamna wa kumwagilia nyumbani usimtegemee mpangaji mwenzio, loweka magunia, izungushie sanamu, halafu funika yote na nailoni ubane chini kwa mawe. Itakaa na unyevu mpaka Ijumaa bila mtu kuigusa.

Unga mweupe unaotokea juu baada ya siku kadhaa: chumvi au chokaa imesafiri na maji mpaka nje. Kama mchanga wako ulitoka ufukweni ujue umeleta chumvi mwenyewe, na hiyo chumvi baadaye itakula nondo ndani. Tumia mchanga wa mto uliooshwa. Kama mchanga ni mzuri, unga huo mara nyingi ni chokaa ya saruji yenyewe, piga brashi kavu, subiri, rudia, usiifunike kwa rangi ikiwa bado inatoa maana rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Nyufa zenye mstari wa kutu: nondo au waya uko karibu sana na nje. Kwenye vidole na masikio hapo ndo shida, watu wanaweka nondo nene kidoleni. Weka waya mwembamba wa shaba au wa stenlesi, na mwilini acha sentimita 2 au 3 za saruji juu ya chuma. Sehemu za karibu na bahari ongeza.

Nyufa kama utando wa buibui usoni bila kutu ni maji mengi kwenye mchanganyiko au umepiga saruji kavu juu ili ing'ae. Mchanga ndoo 3 kwa saruji ndoo 1, maji kidogo tu mpaka ukibinya mkononi inashikana bila kuchuruzika. Kwa kifua kizima fanya wazi ndani: lita moja ya zege ni kilo 2.3 hivi, na sanamu ya kifua ya saizi ya mtu ikiwa imejaa ndani unafika kilo 60 kirahisi, sasa nani anaipandisha kwenye bajaji.

Resini inanata, au imepasuka, au "shaba" imetoka kijivu

Resini ya polyesta, ile plastiki ya maji inayogandishwa, hadena yake (dawa ya kuigandisha) ni asilimia 1 mpaka 2 tu, yaani kwenye kilo moja ni gramu 10 mpaka 20. Mchana wa Januari hapa Dar nenda kwenye 1, asubuhi ya baridi Arusha au Mbeya panda juu. Ukizidisha inachemka, inatoa moshi na kupasuka katikati, hasa ukimimina nene kwa mpigo mmoja, mimina kwa tabaka. Ukipunguza sana inabaki kama jeli. Pima kwa mizani ya jikoni, acha habari za "kizibo kimoja". Na kama unanunua resini peke yake na kichochezi peke yake, kile cha zambarau, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadena, kinalipuka. Kichochezi kinaingia kwenye resini kwanza, kikishachanganyika kabisa ndo hadena.

Juu inanata lakini chini ni ngumu, hiyo sio hadena, ni hewa, polyesta haikauki vizuri pale inapogusana na hewa. Funika na nailoni ikiwa inakauka, au futa na asetoni ikishakuwa ngumu. Epoksi ni hadithi nyingine, uwiano wake umeandikwa kwenye kopo na haubadiliki, kuongeza hadena hakuiharakishi, kunaiharibu.

Watu wengi wanaagiza "shaba" kumbe bajeti yao ni resini yenye unga wa shaba, sio vibaya ila mwambie mteja ukweli. Ikitoka kwenye moldi inakuwa kijivu ya matope na wengi hapo wanakata tamaa wanapaka rangi ya dhahabu ya kopo. Shaba ipo, imefunikwa na ngozi ya resini. Chukua stilwulu laini usugue pua, paji la uso, mashavu, zile sehemu ambazo mkono wa mtu ungezigusa, utaona ule wekundu wa shaba unafunguka chini ya vidole. Kisha paka rangi nyeusi iliyozimuliwa, ifute juu, ibaki kwenye mikunjo. Unga wa shaba wote uweke kwenye tabaka la kwanza linalogusa moldi, ndani jaza resini ya kawaida na faiba, vinginevyo unazika hela.

Na vaa maski ya mvuke sio ya kitambaa, ule harufu wa polyesta kwenye chumba cha kupanga wenye nyumba watakufukuza kabla haujakuumiza mapafu.

Alumini ina matundu

Vunja kipande uone ndani. Matundu ya duara yenye kuta laini zinazong'aa ni gesi: chuma chakavu kilikuwa na mafuta, rangi au unyevu, au umekipasha kupita kiasi. Alumini inayeyuka nyuzi 660, haina haja ya kuwa nyekundu inayowaka. Tundu lenye kuta za kukwaruza, kwenye sehemu nene, ni kusinyaa, hapo hukuacha mdomo mkubwa wa akiba wa kulisha sehemu hiyo ikiwa inapoa. Tumia pistoni za injini na vitu vilivyokuwa vimemiminwa tangu mwanzo, makopo ya soda yanatoa takataka nyingi na hayatiririki. Maji hata tone kwenye moldi au kwenye kijiko cha kuondolea takataka yanarusha alumini usoni, pasha kila kitu kwanza, na mimina juu ya mchanga mkavu sio juu ya sakafu ya zege. Ukiwa na haraka ya Jumapili jioni usiwashe moto, subiri wiki ijayo.

"Haifanani"

Hii ndo simu mbaya kuliko zote na haina supagluu. Hata wakubwa zimewakuta. Kifua cha Cristiano Ronaldo pale uwanja wa ndege wa Madeira kilizinduliwa Machi 2017, dunia nzima ikacheka, mwaka uliofuata kikabadilishwa. 2018 ikaja sanamu ya Mo Salah kule Sharm el-Sheikh, Misri, mchongaji wake akaeleza kwamba sura ilibadilika kwenye hatua ya kumimina shaba. Na sisi wenyewe Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa makao makuu ya Umoja wa Afrika Addis Ababa mitandao ilichafuka siku hiyohiyo.

Kwanza tenganisha: udongo ulifanana ukaharibika kwenye kumimina, au udongo wenyewe haukufanana? Piga picha udongo kila hatua, mbele na pembeni, hapo huwezi kubishana na kumbukumbu. Kama ni kumimina, angalia kope, pembe za mdomo na mstari wa nywele, hizo ndo zinapotea kwanza na bila hizo mtu anakuwa mtu yeyote.

Kama ni udongo, karibu kila mara tatizo ni picha. Familia inakuletea pasipoti ya zamani ya flashi iliyofuta vivuli vyote, au selfii ya simu iliyopigwa karibu ambayo inakuza pua na kurudisha masikio nyuma, na we unachonga ulichoona. Omba picha ya mbele, ya ubavu, na ya robo tatu (uso umegeuka kidogo pembeni), zilizopigwa kwa mbali kidogo, mchana. Ubavu ndo muhimu zaidi na ndo hawana. Watafute kwenye albamu ya harusi, kwenye video ya send-off, mzee lazima alipita mahali akiwa ubavu. Kama hakuna kabisa, muombe mtoto au ndugu anayefanana naye akae nusu saa upige ubavu wake, paji na pua vya ukoo havidanganyi sana.

Halafu kuna swali ambalo ukilisahau utajuta: mzee wa umri gani? Watoto wanamtaka baba wa miaka 45 aliyewabeba, mama yao anamtaka yule wa mwisho mwenye mvi, kaka mkubwa aliyelipa advansi anamtaka kwenye suti ambayo mzee hakuwahi kuipenda. Chagua mtu mmoja wa kuamua, jina lake liwe kwenye karatasi ya makubaliano, na yeye ndo aje kuona udongo. Aje kwa macho, sio picha ya WhatsApp, maana simu inafanya kwa sanamu yako kile ilichomfanyia mzee. Mama akija na akanyamaza kidogo halafu akasema "masikio hayakuwa hivi", sikiliza, anajua. Akisema "haifanani tu" basi geuza taa itoke juu upande mmoja, mara nyingi ni taa ya chini ndo imeharibu.

Familia za Kiislamu wengi hawataki sanamu ya mtu kabisa na usiwabembeleze. Watengenezee kibao chenye maandishi na nakshi za milango ya Zanzibar, kazi nzuri na haina ubishi wa masikio.

Maandishi yamekosewa

Herufi zimetoka kinyume: umechonga moja kwa moja kwenye moldi bila kugeuza. Andika kwenye karatasi, igeuze dirishani, fuatisha. Herufi zimemeguka: nyembamba mno kwa saruji, kuta zake ziwe za mteremko, zisisimame wima.

Jina limekosewa: uliandika kutoka kwenye sauti ya simu. Mteja aandike mwenyewe, atume, asaini au ajibu "sawa" kwa maandishi. Miezi iandikwe kwa herufi, 03/04/1956 mmoja atasoma Machi mwingine Aprili. Na kwenye mawe ya msingi mgeni rasmi anabadilika siku mbili kabla, waziri hawezi anakuja naibu, mkuu wa mkoa anamtuma mkuu wa wilaya. Sehemu ya jina na cheo iwe kibao cha pekee kilichofungwa kwa skrubu nne, utabadilisha usiku mmoja badala ya kuvunja jiwe zima.

Mteja kapotea, au muda umeisha

Advansi iwe inafunika material yote na usafiri, mi nasema nusu ya bei, kabla haujagusa udongo. Asiyeweza kutoa kishika uchumba hatoweza kutoa salio. Muda hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye shughuli: arobaini ina siku 40 tu, ukitoa wiki za kukauka saruji na ukumbuke una wikiendi tano au sita, kwa hiyo arobaini ni kibao au picha ya kuchonga, sanamu ya kifua iwe ya kumbukumbu ya mwaka. Sema hivyo siku ya kwanza, watu wanaelewa.

Imevunjika njiani

Kuvunjika mkono au sikio kwenye basi la Mwanza maana yake ilikuwa inacheza ndani ya boksi. Boksi la mbao, sanamu ikae kwenye kitako kilichofungwa boliti chini, magodoro chakavu kuzunguka, na sehemu zilizochomoza ziwe hazigusi kitu. Kuandika "kioo" nje kunasaidia kiasi, kupanda nayo stendi na kuongea na kondakta kunasaidia zaidi.

Kwa ndugu walioko nje wanaotaka kinyago cha mpingo, jamii yote ya miti hiyo, Dalbergia, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa iliyokamilika yenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja haihitaji kibali cha CITES, lakini hiyo haifuti taratibu za hapa nyumbani, risiti ya ulikonunua gogo iwe nayo na pitia ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla haujafunga boksi. Pima uzito wa mbao kabla ya kupakia. Ikizidi kilo 10 anza kibali mapema, kabla haujamwambia mteja tarehe ya kufika.